Kwanini ukianza likizo tu ndio mwili unaamua kuugua?

#1 Msumeno Butu
Habari wakuu. Kuna jambo linanisumbua, wenye uelewa naomba mnisaidie, na wasio na uelewa pia karibuni maana humu hatubaguani.

Mwaka mzima napiga mzigo, ofisini watu wanakohoa kushoto kulia, dirisha lenyewe halifunguki, mimi mzima wa afya. Ila ngoja sasa fomu ya likizo isainiwe, nikabidhi majukumu, nizime kompyuta. Siku ya kwanza niko poa, kesho yake koo linawasha, keshokutwa niko chini ya blanketi natafuta karatasi za kupenga. Nikija kupona likizo imeisha, narudi kazini wananiuliza "vipi, umepumzika?"

Sio mara moja wala mbili. Wikendi ndefu hivyo hivyo. Mke wangu kasema nina aleji ya kukaa nyumbani, yaani nikimuona yeye mchana naanza kupiga chafya. Kuna sababu ya kitaalamu au ndio nuksi yangu?

#2 Nyundo Kimya
Hauko peke yako mkuu. Nimeweka kambi hapa nasubiri wataalamu.

#3 Siti ya Dirishani
Mwili wako umeajiriwa kuliko wewe 😂 unaumwa kwa muda wako binafsi ili kampuni isipate hasara. Mwajiri akijua atakupa cheti cha mfanyakazi bora.

#4 Nusu Daktari
Hii kitu ipo na inaelezeka. Ukiwa kazini chini ya presha mwili unazalisha homoni za kukabiliana nayo, adrenalini na kotisoli. Kotisoli pamoja na kazi zake nyingine inatuliza uvimbe na kuizuia kinga isifanye fujo, ndio maana dawa za jamii yake wanapewa watu wa pumu na aleji kali na baridi yabisi, na waliochunguza homoni za tezi inayoitoa, ile iliyo juu ya figo, walipewa Nobel 1950, sio habari za jana. Sasa sikiliza. Makamasi, homa, koo kuvimba, sehemu kubwa ya hayo sio kirusi anayekufanyia, ni kinga yako mwenyewe iko vitani. Kotisoli ikiwa juu vita inapigwa kimyakimya. Likizo ikianza presha inashuka ghafla, kotisoli nayo inashuka, breki imeachiwa, ndio unaanza kuona cha moto. Kwahiyo mkuu ulikuwa unaumwa tangu ukiwa ofisini, likizo imekuumbua tu.

#5 Hesabu Kali
Nusu Daktari subiri kwanza. Kila siku tunaambiwa stresi inashusha kinga na kumfanya mtu aumwe. Leo stresi inakukinga usiumwe? Chagua moja. Kuna jaribio linajulikana sana, lilichapishwa 1991, Sheldon Cohen na wenzake walichukua watu wazima karibu 400 wenye afya zao, wakawadondoshea virusi vya mafua puani makusudi, wakawatenga waone nani ataugua. Wenye stresi nyingi ndio walioumwa zaidi. Kwa hesabu hiyo mleta mada alitakiwa aanguke wiki ya kufunga hesabu, sio wiki ya kulala.

#6 Nyundo Kimya
Kuna watu walikubali kudondoshewa mafua puani?? Kwa hiari?

#7 Siti ya Dirishani
Wewe unapakatana na mtu anayepiga chafya kwenye lifti kila asubuhi na hakuna anayekuandika kwenye jarida.

#8 Nusu Daktari
Hesabu Kali hakuna nilichochanganya. Stresi ya muda mfupi na ya muda mrefu ni vitu viwili tofauti. Huyohuyo Cohen wako alirudi tena mwaka 1998 akaangalia stresi za aina gani hasa, akakuta zinazomuongezea mtu nafasi ya kuumwa mafua ni zile za mwezi mzima na kuendelea, ugomvi wa nyumbani usioisha, kukosa kazi na mambo kama hayo. Za chini ya mwezi hazikuonyesha kitu. Mtu anakimbizana na dedilaini wiki mbili mwili unamshikilia, akiachia anaanguka. Ndio ninachosema.

#9 Hesabu Kali
Kwahiyo Cohen hakuonyesha kwamba ya muda mfupi inakinga, ameonyesha tu kwamba haidhuru sana. Hilo la kukinga umelipandikiza wewe.

#10 Zamu ya Usiku
Mnabishana juu ya homoni na mgonjwa mwenyewe hajahojiwa. Msumeno Butu, kazini unakunywa kahawa kiasi gani?

#11 Msumeno Butu
Ya kutosha 😅 Kuna ya kabla sijawasha kompyuta, kuna ya kikao, kuna ya baada ya kula maana macho yanajifunga yenyewe, na ile ya jioni ya kusukumia ripoti. Nyumbani sinywi kabisa, kwanza hata kopo la kahawa hatuna.

#12 Zamu ya Usiku
Si hilo hapo sasa. Ukikata kahawa ghafla kichwa kinaanza kuuma ndani ya saa 12 mpaka 24 tangu kikombe cha mwisho, kilele chake siku moja au mbili, na inaweza kuendelea zaidi ya wiki. Na sio kichwa tu, kuna uchovu, misuli kuuma, kichefuchefu, na ukali wa kugombana na mlango. Mtu anajisikia kama mafua yanakuja. Hesabu mwenyewe, umetoka kazini Ijumaa jioni, Jumamosi mchana umeshaanza kushika kichwa unasema "hizi wikendi zangu zina nini". Mimi zamu za usiku zilinifundisha, kila nikiingia siku za mapumziko nilikuwa nazimia kwa kichwa mpaka nilipoanza kunywa kikombe kimoja na siku za nyumbani pia. Kikaisha.

#13 Hesabu Kali
Kahawa haileti makamasi. Mtu kasema koo na kupenga.

#14 Zamu ya Usiku
Kasema koo la likizo. La wikendi hajasema ni koo, kasema "hivyo hivyo". Soma uzi.

#15 Mama Pacha
Nawasoma hapa nacheka peke yangu. Hizo kotisoli zenu zinajua kusoma kalenda? Maana sisi wengine tukitoka kazini tunaingia zamu ya pili, na hiyo haina fomu ya kusaini. Mimi naumwa pale ambapo kila mtu ndani ameshapona na sio siku moja kabla. Mwezi uliopita wote walilala, mmoja baada ya mwingine, mimi natembea na beseni na dawa na kipimajoto kutoka chumba hiki kwenda kile, usiku sijui mchana sijui. Siku wa mwisho kaamka anaomba kuchora, nikakaa kwenye ukingo wa bafu nikakisafisha kile kipimajoto nikirudishe kabatini, sijui kwanini nikakitia mdomoni. 38.9. Nikakiangalia, nikakisafisha tena, nikaenda kuanika nguo maana mashine ilikuwa imeshalia.

#16 Kalamu Nyekundu
Mama Pacha pole dada, lakini hiyo inamsaidia Nusu Daktari, mwili ulisubiri vita iishe.

#17 Hesabu Kali
Au aliambukizwa na wagonjwa aliokuwa anawauguza na kirusi kikachukua muda wake wa kawaida. Hakuna muujiza hapo. Pole lakini dada.

#18 Mama Pacha
Asanteni. Yeyote atakayeshinda mjadala aje anianulie nguo.

#19 Mpita Njia
Wadau hili jambo mbona lina utafiti kabisa, kuna profesa Uholanzi alilipa na jina, ugonjwa wa mapumziko, akakuta nusu ya wafanyakazi wanao. Tatizo la dunia nzima hili.

#20 Hesabu Kali
Profesa yupo, Ad Vingerhoets wa Chuo Kikuu cha Tilburg, na kazi yake ilitoka 2002. Hiyo nusu umeitoa mfukoni. Walihojiwa watu karibu 1,900 na waliosema wanaumwa wakipumzika walikuwa kama asilimia 3. Tatu mkuu.

#21 Mpita Njia
Nusu, tatu, muhimu wapo. Na watatu kati ya mia wote wamejaa kwenye huu uzi.

#22 Kalamu Nyekundu
Nyongeza kwa hiyo ya Vingerhoets maana kuna kitu ndani yake kinamhusu mleta mada. Alitofautisha wikendi na likizo. Waliolalamika kuhusu wikendi wengi walikuwa na kichwa, uchovu, misuli, kichefuchefu. Waliolalamika kuhusu likizo ndio mafua mafua na homa. Kwahiyo Zamu ya Usiku na Hesabu Kali mnaweza kuwa mnazungumzia magonjwa mawili tofauti halafu mnagombana. Na sifa za hao watu zilikuwa zinafanana, kazi nyingi, kushindwa kuiacha kazi kichwani ukishatoka, kutaka kila kitu kiwe kimenyooka, na kujisikia vibaya ukikaa bila kufanya kitu. Mleta mada hebu tuambie, wewe ukiwa likizo unalala au unafanyaje?

#23 Msumeno Butu
Kulala hapana. Mimi likizo yangu nina kazi zangu za mbao. Nina rafu ya vitabu naitengeneza, ndefu kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, nimeanza muda tu na kila likizo inasogea kidogo. Ila hilo la kutaka kila kitu kinyooke sio mimi kabisa, mimi mtu wa kawaida. Mke wangu kasoma hapa begani kwangu kaondoka anacheka, sijui kwanini.

#24 Siti ya Dirishani
Skrubu zako zimekaaje?

#25 Msumeno Butu
Kwenye vikopo.

#26 Siti ya Dirishani
Vikopo vimeandikwa saizi?

#27 Msumeno Butu
Sasa ukihitaji ya saizi fulani utaitafuta vipi?

#28 Siti ya Dirishani
😂😂😂 sina swali lingine mheshimiwa hakimu

#29 Gitaa Bovu
Mimi wa kipandauso. Nikiwa na wiki ya moto hakiji. Nikimaliza, nikikabidhi ile kazi, nikisema sasa leo nashika gitaa langu, ndani ya saa chache naona vile vimulimuli pembeni ya jicho, naliweka gitaa chini nazima taa. Nimeishia kulichukia gitaa kwa kosa lisilo lake. Nyuzi zimeota kutu, vidole vimelainika, kila nikianza upya naanzia kule kwenye maumivu ya ncha za vidole. Na daktari wangu alishaniambia hii inajulikana, kuna watafiti Marekani 2014 walifuatilia watu wa kipandauso kwa shajara za kila siku, wakakuta stresi ikishuka kutoka siku moja kwenda nyingine kipandauso kinafuata, hasa yale masaa 6 ya mwanzo, uwezekano unapanda karibu mara tano. Stresi ikishuka, sio ikipanda! Kwahiyo Nusu Daktari simpingi.

#30 Hesabu Kali
Naijua hiyo. Watu 17.

#31 Gitaa Bovu
Walijaza shajara miezi mitatu kila siku, sio kitu kidogo.

#32 Hesabu Kali
Sijasema ni kitu kidogo, nimesema ni watu 17. Wanaenea kwenye basi dogo na kiti kinabaki.

#33 Nusu Daktari
Huyu mtu likizo yake anaitumia kuhesabu watu kwenye tafiti za wenzake.

#34 Begi Mgongoni
Mmezunguka sana wakuu jibu liko wazi. Likizo maana yake safari. Safari maana yake unakaa masaa kibao umebanana na watu usiowajua, wote mnashika chuma kilekile, hewa kavu kama ni ndege, hulali vizuri, unabadilisha maji na ratiba. Mafua yanachukua siku moja mpaka tatu kujitokeza tangu uambukizwe, ile homa kali ya influenza siku moja mpaka nne. Safiri Jumamosi, Jumatatu unapenga. Unasema likizo imeniumiza kumbe ni jirani wa siti ya nyuma.

#35 Siti ya Dirishani
Mbona unaniangalia mimi

#36 Msumeno Butu
Mimi sisafiri mkuu, nabaki na rafu yangu. Nilisafiri mwaka juzi tu, na kweli niliumwa pia.

#37 Kalamu Nyekundu
Si lazima asafiri. Fikiria wiki ya mwisho kabla ya likizo ofisini inakuwaje. Unakabidhi, unaingia vikao vya kila idara, unakaa meza ya mwenzako unamuelekeza faili liko wapi, unachelewa kutoka, usiku unajibu ujumbe ili usiache deni. Unakutana na watu wengi kuliko wiki yoyote na unalala kidogo kuliko wiki yoyote. Kuna jaribio lingine la kudondoshea watu mafua puani, lilitoka 2015, safari hii walipima usingizi kwa kifaa cha mkononi kabla. Waliokuwa wanalala chini ya masaa 6 walipata mafua zaidi ya mara 4 ukilinganisha na waliolala zaidi ya 7. Weka hiyo kwenye wiki ya makabidhiano halafu ongeza siku mbili tatu za kirusi kujitokeza, unaangukia palepale kwenye blanketi la mleta mada. Huhitaji kotisoli hata tone.

#38 Nyundo Kimya
Hao wanaojitolea puani wanalipwa? Naulizia rafiki yangu.

#39 Hesabu Kali
Walikuwa watu 164, kabla hamjaniuliza. Hiyo ya Kalamu Nyekundu naipa alama.

#40 Gitaa Bovu
Uzi mzima leo ndio kwanza umekubali kitu, wacha nichukue picha ya skrini.

#41 Mashaka
Mimi naona mnaeleza kitu ambacho hakijathibitishwa kwamba kipo. Msumeno Butu ukiumwa kazini unafanyaje? Unameza kidonge unaendelea, wiki ijayo umesahau. Ukiumwa likizo unaukumbuka miaka kumi kwasababu ulikudhulumu kitu. Likizo ulizokaa mzima hakuna anayefungua uzi kusema wakuu nimeenda likizo sijaumwa nisaidieni. Andika kwenye daftari mwaka mzima, kila siku, koo, kichwa, pua, halafu uje hapa. Nina wasiwasi utakuta ofisini unapenga vilevile.

#42 Msumeno Butu
Hapana mkuu, hapo nakataa. Kazini siumwi. Muulizeni mtu yeyote.

#43 Kabati la Chini
Mimi ni mwanachama wa muda mrefu sichangii sana lakini jamaa anafanya kazi na mimi. Mwezi wa ripoti alikuwa na sauti ya chura wiki nzima, tulimpa vidonge vya koo vikaisha. Naenda zangu.

#44 Siti ya Dirishani
DUH 😂😂 shahidi kajitokeza mahakamani

#45 Msumeno Butu
Ile ilikuwa kiyoyozi.

#46 Nusu Daktari
Hahaha lakini ona, hiyo inaniunga mkono mimi. Aliumwa, na hakujua anaumwa. Akili ikiwa imeshikwa na kazi taarifa za mwili zinawekwa foleni. Mtu anakata kidole akiwa na haraka anashtuka baadaye akiona damu kwenye karatasi. Likizo foleni ndio inasomwa.

#47 Zamu ya Usiku
Mwanzo ulisema homoni sasa umehamia kwenye akili. Kesho utahamia wapi?

#48 Pua Kavu
Samahani nimechelewa, nimesoma uzi wote. Hakuna aliyeuliza swali dogo. Mleta mada hiyo rafu unaitengenezea wapi, na likizo ikianza kazi ya kwanza kabisa unayoifanya ni ipi?

#49 Msumeno Butu
Kwenye chumba cha stoo, nje majirani wanalalamika kelele. Ya kwanza huwa napanga stoo, natoa maboksi, nafagia. Halafu napiga msasa mbao zilizokaa maana zinakuwa zimeshika vumbi.

#50 Pua Kavu
Ndani. Bila dirisha nadhani. Na barakoa?

#51 Msumeno Butu
Kidirisha kipo ila mbao zimeegemea hapo. Barakoa inanifukiza miwani.

#52 Pua Kavu
Mkuu, mwaka mzima stoo imefungwa, maboksi yana vumbi na wale wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana, unaingia unafagia kwa ufagio mkavu, unaamsha kila kitu hewani, halafu unaongeza unga wa msasa juu yake, kesho koo linawasha keshokutwa unapenga. Unataka kotisoli ya nini tena? Mimi nilifanya kazi karakana, tulikuwa tunapenga jioni kitu cha rangi ya mbao tuliyokata. Mbao nyingine nyekundu unapenga nyekundu unadhani damu. Na vumbi la mbao sio la kuchezea, shirika la utafiti wa saratani la WHO lililiweka kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani tangu 1995, hasa ya pua na matundu yake. Hao ni watu wa karakana wa miaka mingi, sikutishi, lakini vaa barakoa ya maana inayobana pembeni, na lowanisha sakafu kabla ya kufagia.

#53 Nyundo Kimya
Aisee. Kesi imefungwa.

#54 Hesabu Kali
Haijafungwa. Mwaka juzi alisafiri, hakushika msasa, na kaumwa. Na wikendi ndefu?

#55 Msumeno Butu
Wikendi ndefu huwa napiga msasa kidogo. Ila homa? Vumbi linaleta homa? Maana mimi huwa naungua kabisa.

#56 Pua Kavu
Ulipima?

#57 Msumeno Butu
Mke wangu huweka mkono hapa kwenye paji la uso.

#58 Mama Pacha
Na mkono huo umetoka kuosha vyombo kwa maji ya moto au baridi? Kipimajoto ndugu yangu, nakuazima changu.

#59 Simu ya Bosi
Naomba niwatoe kidogo kwenye pua. Mimi tatizo langu lingine, mwili mzima lakini akili haitoki kazini. Nimekaa na watoto tunapanga vipande vya picha, mkono unapanga, kichwani naandika barua pepe. Jana mwanangu kaniuliza mara ya tatu swali moja nikamjibu "sawa, nitalifanyia kazi". Na bosi wangu anapiga likizoni anaanza "samahani najua umepumzika, ni dakika moja tu". Ile dakika moja inakula siku nzima, maana nikikata simu ndio nimeshaingia ofisini.

#60 Gitaa Bovu
"Nitalifanyia kazi" 😂 mtoto atafungua faili sasa

#61 Kalamu Nyekundu
Kuna mwanasaikolojia anaitwa Bluma Zeigarnik, 1927 huko, aliandika kwamba kazi iliyokatwa katikati inang'ang'ania kichwani kuliko iliyomalizika. Dawa yake wengi wanasema kabla hujaondoka andika kila kilichobaki na lini utakishika, ukifunga daftari umekikabidhi. Mimi nafanya hivyo na inanisaidia.

#62 Hesabu Kali
Waliorudia jaribio lake matokeo yamekuwa ya kuyumba, wengine wamepata wengine hawajapata. Kuandika ni vizuri lakini tusimsingizie mama wa watu.

#63 Mstaafu Mbishi
Vijana, kwa sisi tulioacha kazi. Nilitegemea nikistaafu nitaumwa likizo ya milele kwa hesabu ya Nusu Daktari. Wala. Wiki za mwanzo nililala tu kama gogo, baada ya hapo mzima mpaka leo, naamka saa ileile, navaa viatu, nakaa sebuleni. Mke wangu ndio kaanza kuumwa kichwa.

#64 Nusu Daktari
Shikamoo mzee. Kwasababu yako hukushuka ghafla, si umesema bado unavaa viatu? Ushauri wangu kwa mleta mada ndio huohuo, usikate ghafla. Siku mbili za mwanzo amka muda uleule, tembea, fanya mazoezi kidogo, kishughulishe kichwa, halafu ndio uteremke taratibu.

#65 Zamu ya Usiku
Na kikombe kimoja cha asubuhi.

#66 Mashaka
Na daftari.

#67 Pua Kavu
Na barakoa, na mbao zitoke dirishani.

#68 Begi Mgongoni
Na asisafiri 😂 sasa hiyo ni likizo au adhabu?

#69 Mstaafu Mbishi
Marahaba Nusu Daktari.

#70 Msumeno Butu
Nawashukuru wote. Nimesoma kila kitu na kusema ukweli kila mmoja nikimsoma naona huyu ndio mwenyewe, nikifika wa chini yake naona la, ni huyu. Likizo ijayo nikifanya yote kwa pamoja halafu nisiumwe nitajuaje ni ipi iliyosaidia?

#71 Hesabu Kali
Hutajua. Fanya moja moja.

#72 Msumeno Butu
Nina likizo moja kwa mwaka mkuu, nitamaliza nikiwa na umri wa Mstaafu.

#73 Fundi wa Mtaa wa Pili
Tukiacha hayo ya mafua, hiyo rafu mpaka karibu na dari umeunga vipi pembeni? Nina yangu inayumba ukiigusa. Nilitumia gundi ya mbao ile nyeupe na skrubu, nikaisimamisha jioni ileile.

#74 Pua Kavu
Jioni ileile ndio shida. Ile nyeupe unaibana na vibano nusu saa mpaka saa nzima, halafu unaiacha siku nzima kabla ya kuipa mzigo. Nawe mgongo umeuweka? Rafu ndefu bila ubao wa mgongo au kipande cha mshazari lazima iyumbe hata uweke skrubu mia. Na ifungie ukutani, hasa kama kuna watoto wanapenda kupanda.

#75 Fundi wa Mtaa wa Pili
Mgongo sijaweka. Ile gundi inayotoka pembeni nifute palepale au?

#76 Msumeno Butu
Kitambaa chenye unyevu, palepale kabla haijashika.

#77 Pua Kavu
Hapana bwana, ukifuta ikiwa mbichi unaipaka kwenye vinyweleo vya mbao, ukija kupiga vanishi mabaka meupe yanatokea. Subiri ianze kuwa kama mpira halafu ikwangue na patasi.

#78 Msumeno Butu
Mimi nafuta miaka yote na mabaka sijawahi kuona.

#79 Hesabu Kali
Kabati la Chini njoo huku, una ushahidi wowote wa mabaka?